Kioo Kimwelekee Mama

Mjukuu wangu Imelda,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Mjimwema tu wazima. Babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza ununue mashine gani ya ultrasaundi kwa kliniki yako ya akina mama.

Nilikuwa muuguzi hapa Songea serikali iliporuhusu tena kliniki za watu binafsi, na daktari wetu akafungua yake, akaleta mashine hiyo. Siku moja alimpima mama mmoja kutoka kijiji cha Mpitimbi aliyekwisha kupoteza mimba mbili. Daktari alitazama kioo cha mashine, akaandika, kimya. Kioo kilimwelekea yeye tu. Mama akaanza kulia. Kimya cha namna hiyo alishakisikia mara mbili.

Sikuomba ruhusa. Nilikigeuza kioo.

"Unaona kile kinachodundadunda? Ni moyo wake."

Akatazama mpaka machozi yakakauka, kisha akatugeukia kwa hasira: "Kumbe mlikuwa mnamwona peke yenu!"

Daktari hakunigombeza. Kesho yake aliihamisha meza ya mashine mwenyewe.

Basi nunua unayoimudu, utaiweza. Ila kabla hujafungua mlango wa kliniki, lala wewe kwenye kitanda cha kupimia. Usipokiona kioo, hamisha meza.

Bibi yako wa Mjimwema