Mguu Uliokataa Mbio

Bunia, Jumanne asubuhi

Yaya wangu Martina,

Nakusalimia kwa mikono miwili, weye uliyenilea tangu Mama alipotuacha. Mumeamka namna gani huko Mahagi? Kifua cha Baba kimetulia, ama bado anakohoa mvua ikinyesha? Na mihogo ya ng'ambo ya mto, safari hii mbuzi za jirani zimewaachia kitu? Nataka unijibu hayo yote, hata kama ni kwa karatasi ndogo.

Miye hapa niko muzima. Lakini nikisema muzima, Yaya, usome mpaka mwisho kabla ya kufurahi, na usome mpaka mwisho kabla ya kulia.

Ulinipigia simu mara tatu nikakuambia reso ni mbaya, sikusikii. Reso ilikuwa nzuri. Nilikuwa naogopa utaijua sauti yangu. Ndiyo maana naandika. Kuna mama mmoja wa parokia anapanda Mahagi na lori, ameahidi kuitia barua hii mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Mguu wangu wa kushoto umevunjika. Haikuwa pikipiki, haikuwa risasi. Nimeuvunja mwenyewe, na mbio zangu.

Unajua kazi yangu ni samaki. Nauza sokoni wale wanaopanda kutoka Kasenyi, kule ziwani, na kila asubuhi kabla ya soko tunakimbia watu sita, pamoja na Kocha Bahati, yule mwalimu wa shule ya msingi niliyekuambia. Mwaka huu kuna mashindano ya mbio Kisangani, na upande wa wanawake walitaka mtu mmoja tu. Tulikuwa wawili tunaoweza: miye na Solange, anayesuka nywele karibu na soko. Mara nyingi miye ndiye nilikuwa nafika mbele.

Mvua zilipoanza nikasikia kitu kwenye muundi wa mguu, chini ya goti, mahali padogo kama punje ya haragi. Mwanzoni kiliuma nikianza tu, mwili ukipata joto kinapotea. Kisha kikaanza kuuma nikimaliza. Kisha kikawa kinauma hata nikikaa mbele ya beseni la samaki. Siku moja nikapabonyeza pale kwa kidole na machozi yakatoka, mteja akadhani ni moshi.

Kocha aliona.

"Devota, unachechemea."

"Hapana, kocha. Ni kiatu."

"Kiatu kinaumiza mufupa?" Akanisimamisha kando ya barabara, wengine wakaendelea. "Sikia. Maumivu yanayoisha ukipata joto, hayo ni ya kazi. Yanayokufuata mpaka kitandani, hayo yanakuambia simama. Pumzika juma mbili. Kisangani haitahama."

Nikamwambia ndiyo, kocha. Kesho yake nikaenda kukimbia peke yangu upande wa uwanja wa ndege, asinione.

Utauliza kwa nini, na utafikiri ni sababu ya mashindano. Si mashindano peke yake. Weye unajua, hata kama hatujawahi kuyasema tangu tulipofika kwa Baba. Siku ile tulipokimbia bunduki kijijini nilikuwa na miaka tisa, ulikuwa unanivuta mkono. Mama mudogo, ndugu ya Mama, alikuwa na mimba kubwa. Alifika kwenye ule mulima akakaa chini kando ya njia, akatupungia mkono, twende, atafuata. Hatukumuona tena. Tangu siku ile, Yaya, moyo wangu unaamini kwamba mtu anayekaa chini anaachwa. Watu wa hapa wanadhani napenda mbio. Miye kila asubuhi nilikuwa najipima: leo ninaweza kwenda mpaka wapi bila kukaa?

Basi nikaendelea kukimbia na ule mufupa.

Ikafika Jumatano moja, jua limeshapanda vizuri, soko limejaa. Kitu kikapasuka barabarani, pwaa! Mwanamke mmoja akalia, "Wamefika!" Hakuna aliyeuliza nani. Soko zima likainuka mara moja. Niliacha samaki, niliacha hata mufuko wangu, nikakimbia. Sikufika hata hatua thelathini. Nikaruka ule mufereji wa maji machafu, nikatua na mguu wa kushoto, na nikausikia. Ulilia kama ukuni mukavu unaovunjwa.

Nilianguka kifudifudi. Watu wakaniruka, nikawa naona nyayo za viatu vyao tu. Nikatambaa mpaka chini ya meza ya muuza nyanya, nikakumbatia mguu wa meza, nikaita jina lako. Nilikuita kwa sauti, Yaya, kama mutoto.

Ilikuwa tairi ya lori. Watu wakarudi wakicheka, ile cheko ya mtu aliyeogopa, wakaanza kuokota nyanya zao. Miye nilikuwa bado chini ya meza, mikono imekataa kuachia. Motari mmoja na mwenzake ndio walinitoa, wakanikalisha katikati yao juu ya pikipiki, mpaka lopitali.

Munganga alikuwa kijana wa miwani. Alipiga ile picha ya mifupa, akaishika mbele ya dirisha.

"Unaona huu mustari? Huu si wa leo. Mufupa ulianza kupasuka polepole, juma nyingi. Ulikuwa husikii maumivu?"

"Nilikuwa nasikia."

"Na ulifanya nini?"

"Nilikimbia."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Wakanifunga plasta toka goti mpaka vidole, juma sita, na magongo mawili ya kutembelea.

Yaya, sijui namna ya kukuandikia zile siku. Nakaa kwa Mama Lea, mwenye nyumba, mjane anayelea wajukuu wawili. Niliweka kiti changu pale ninapoona lango. Pikipiki ikilipuka kidogo, jasho linanitoka mgongoni. Mtu akitembea haraka barabarani, namwangalia uso kwanza. Kila siku watu wapya wanaingia mjini na magodoro kichwani kutoka vijiji vya huko juu, watoto wao hawasemi neno. Nawaangalia miguu, kisha naangalia wangu, mweupe na muzito kama jiwe. Nilikuwa navaa kiatu kwenye mguu wa kulia mchana kutwa, ili niwe tayari, kama vile mguu mmoja ungenisaidia kitu.

Juma ya tatu, siku ya Mungu, watu wote wako misani, nilichukua kisu cha jikoni nikaanza kukata plasta. Nilianzia juu. Niliwaza: nikifunga kitambaa tu, nikivumilia, ninaweza kufika hata parokia. Nilikuwa nimekata upana wa kiganja wakati Solange aliingia. Alikuja kunisuka, kwa sababu sikuweza tena kwenda kwake. Akaona kisu, akaona unga mweupe kwenye kikwembe nilichojifunga.

"Weye, unafanya nini?"

"Nataka kuwa tayari."

"Tayari ya nini?"

"Ya kukimbia. Wakija leo, nani atanibeba?"

Nilidhani atacheka. Huyu ndiye alikuwa anachukua nafasi yangu ya Kisangani, na siku nyingi nilikuwa nimemchukia kimya kimya kwa hiyo. Akakaa kwenye saruji, akatoa kisu mkononi mwangu polepole.

"Miye pia naogopa," akasema. "Unadhani watu sita wote tunaamka na umande sababu ya medali?" Kisha akasema, "Kitu kikitokea, nitakuja kukuchukua."

"Utakimbia kama watu wote."

"Nitakuja, nimesema."

Sikumwamini. Nakuambia ukweli. Akanisuka. Kesho yake nikarudi lopitali wakafunga plasta upya, na safari hii nikamweleza munganga kwa nini nakimbia, akanigombeza vizuri.

Sasa fika hapa, Yaya, ukae.

Ijumaa iliyopita, baada ya saa tisa mchana, bunduki zililia. Hazikuwa tairi. Tatu kwanza, kisha nyingi, upande wa mto. Kartie nzima, nyumba zote za mtaa wetu, ikatoka. Mama Lea alikuwa anachambua majani ya sombe, akatupa yote, akamweka mjukuu mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaita, "Devota, twende!" Kisha akaona mguu wangu. Alisimama. Aliniangalia, nami nikayajua yale macho, kwa sababu siye pia tulikuwa nayo siku ile ya mulima. Kisha akaenda. Simlaumu. Alikuwa na watoto wawili.

Nikachukua magongo nikafika langoni. Barabara ilikuwa imejaa watu, masufuria, mbuzi, na wote wanaenda upande mmoja. Mtu akanigonga bega, gongo moja likaanguka, likapigwa teke, sikuliona tena. Nikakaa juu ya jiwe la lango. Nilijikojolea, Yaya. Niko na miaka ishirini na sita na nilijikojolea mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeangalia. Nilimuwaza mama mudogo. Nilijua sasa kwamba ile siku alipotupungia mkono hakuwa anadhani atafuata.

Ndipo nikamuona Solange.

Alikuwa anakuja akipinga watu, peke yake, akielekea upande ule ule bunduki zinakolia. Mbele yake alikuwa anasukuma brueti, ile ya gurudumu moja ya mafundi kubebea mchanga, bado ina simenti. Watu wanamtukana, anawaambia "Pisha! Pisha!" na anapita.

"Ingia!"

"Nimelowa."

"Devota, ingia!"

Akaniinua chini ya makwapa akanitupa ndani kama mufuko wa muhogo. Kisha akakimbia. Njia ina mawe na mashimo, mguu ulikuwa unagonga chuma, nilikuwa nalia kwa maumivu na hakupunguza. Pumzi yake nilikuwa naisikia kwenye kisogo. Pale kwenye mpando nikamwambia, "Niache hapa, inatosha." Akasema neno moja tu: "Nyamaza."

Alinifikisha uwanja wa parokia. Tulikaa pale ukutani na watu mamia mpaka jua likaanza kushuka, kisha habari ikaja kwamba ni watu wa bunduki waligombana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya pombe. Wanasema hakuna aliyekufa. Mama Lea alikuwa pale pia. Alikuja akashika mkono wangu, akasema, "Watoto..." Nikamwambia, "Mama, ninajua." Tukalia pamoja. Viganja vya Solange vilikuwa vimetoka ngozi.

Jana nilienda kwa munganga. Picha mpya inaonyesha mufupa umeanza kushikana. Plasta itatoka baada ya juma mbili, lakini mbio hapana, mpaka mvua hizi ziishe zote.

Nikamuuliza, "Na kama bunduki zinalia?"

Akavua miwani, akaifuta.

"Basi ukimbie," akasema. "Miye pia nitakimbia. Lakini usikimbie kwa kujaribu tu kama bado unaweza. Hiyo ndiyo ilikuvunja."

Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani. Woga haujaisha, Yaya, nisikudanganye tena. Hata sasa naandika na jicho moja liko langoni. Usije kuniona, barabara si nzuri, na weye uko na Baba.

Leo asubuhi wenzangu walipita hapa kwenye mazoezi. Ni siku ya mwisho ya Solange, kesho anaondoka kwenda Kisangani. Nilisikia nyayo zao toka mbali, na mwili wangu wote ukainuka. Nilikuwa nimeshatia gongo chini. Kocha akapita, wengine wakapita, Solange akapunguza akaita, "Devota, uko?"

Nikashika kiti kwa mikono yote miwili. "Niko," nikasema. "Nimekaa."

Wakaenda. Nilikishika hivyo hivyo mpaka nyayo zao zikapotea kabisa, sikusimama.

Nisalimie Baba, umwambie polepole, si yote mara moja. Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na asante kwa dawa ya mizizi aliyotuma zamani. Nisalimie shangazi wa pale sokoni, umwombe rozari moja kwa ajili yangu na moja kwa ajili ya mama mudogo, kwa jina lake. Mabinti wako wawili wabusu kichwani.

Mungu awakinge nyote usiku na mchana, na atujalie kuonana nyuso tungali na uhai.

Ni miye mudogo wako,

Devota