Taji Linanisubiri Pico

Jumatano, 22 Mei

Tumeshuka Lisboa mchana. Ndege ilitutikisa njia nzima kutoka kisiwani, watu wakatapika kwenye mifuko. Mimi nilikula mkate wangu na jibini mpaka makombo. Binti yangu Lubélia alikuwa ameshikilia kiti, macho kayafumba. Tumbo kamfuata mama yake.

Tunalala hapa mpaka Jumamosi, kisha ndege nyingine ya kwenda kwake Luxemburg, mjukuu anabatizwa. Wiki moja tu, nimemwambia, naye kasema ndiyo. Lazima niwe kisiwani kwetu Pico kabla ya Pentekoste. Mwaka huu kura imeniangukia mimi. Gualter! Jina langu limetolewa kwenye kofia mbele ya kijiji kizima, baada ya kukaa humo kofiani tangu ujana wangu. Taji la fedha la Roho Mtakatifu litalala nyumbani kwangu, na siku ya sikukuu kijiji chote kitakunywa supu yangu. Mtamba wa kuchinja nimemnonesha mwenyewe. Mnanaa wa kutia kwenye supu umejaa nyuma ya jiko. Lakini mwenye kura asipokuwepo, taji linakwenda kwa jina linalofuata, na jina linalofuata ni Hermínio. Supu ya Hermínio unaweza kufulia mashati.

Chumba kiko mtaa wa Mouraria, ngazi juu ya ngazi. Mwenye nyumba, Bi Perpétua, kaniuliza kama nitaweza kupanda. Nilimpita kwenye kona. Goti la kushoto lililia kidogo, ila yeye hakulisikia.

Lubélia kasema, "Baba, hizi siku nimeziweka makusudi uuone mji. Hujawahi kuuona."

Sijawahi? Nilipita hapa nikiwa askari. Mji huu naujua kwa nyayo. Hata hizi herufi nilifundishwa jeshini, na sajenti alisema hakuna aliyeshika upesi kama mimi. Naziandika kubwa ili zisinikimbie.

Alhamisi, 23 Mei

Asubuhi nimemsikia Lubélia kwenye ukumbi, anaongea na mumewe kwa simu. Kasema ufunguo wa nyumba yangu kauacha kwa Hermínio. Mtamba watakuja kumchukua wiki hii hii. Mzee bado hajui, ataambiwa tukifika. Kisha akasema, hapana, tiketi yake ya kurudi sikununua.

Nikarudi kitandani nikajifanya nakoroma. Nikitaka nakoroma vizuri sana.

Ufunguo kwa Hermínio. Taji kwa Hermínio. Ng'ombe wangu kwenye sufuria ya Hermínio.

Sikupiga kelele. Kahawa haijachemka mimi nimeshapata njia. Meli. Meli ya visiwani inaondokea gati la Alcântara, ndiyo iliyonirudisha nyumbani kutoka jeshini, sitaha imejaa askari na kuku na vitanda vya chuma. Watu wa ndege wanataka kitambulisho, na vitambulisho vyote Lubélia kavifungia kwenye mkoba wake. Meli inataka mtu na nauli. Pesa ya mkate wa sikukuu imeshonwa ndani ya fulana yangu.

Nikaaga naenda kunyoa ndevu. Mlangoni nikamuuliza Bi Perpétua gati la Alcântara liko wapi, kumpima tu.

"Huko ni mbali, babu. Panda tramu."

"Nina miguu, bibi."

Vichochoro vya Mouraria vimejikunja kama matumbo ya ng'ombe. Kuna mlango wa bluu nimeupita, kisha nikaupita tena, kisha mwanamke aliyekuwa akianika shuka dirishani juu yake akaniambia, "Karibu tena, mzee." Sikupotea. Nilikuwa nautazama mji. Mawe ya njia yamesuguliwa na viatu mpaka yanang'aa, yanateleza kama ngozi ya samaki. Nikashikilia kuta. Wageni wenye kofia wamejaa kila kona, mmoja akaniomba kwa mkono nisogee, namharibia picha ya mlango. Nikakaa hapo hapo. Mpaka nimezeeka sijahamishwa na mtu kwenye mlango.

Chini mitaa imenyooka na hapo pua yangu ikapata mto. Nikafuata maji, yakiwa mkono wa kushoto. Njia ndefu kuliko siku zile. Watakuwa wameiongeza. Mtu wa baiskeli akanipigia kengele, "Mzee, hii njia ya baiskeli!" Nikamwambia nilipita hapa babu yake hajapata baiskeli.

Gati lipo. Jengo lipo. Nilivua kofia kwa furaha. Kisha nikaona uzio, na nyuma ya uzio kontena juu ya kontena, na kijana mlinzi kwenye kibanda anakula chungwa.

"Meli ya Pico inaondoka lini?"

"Meli gani, babu?"

"Ya abiria. Ya visiwani."

Akacheka, akaona mimi sicheki. "Babu wangu, meli ya abiria haipo. Mimi sijawahi kuiona. Baba yangu alifanya kazi hapa hapa, yeye aliiona ikikoma. Siku hizi watu wanapanda ndege."

"Na ile?" Kulikuwa na meli imefungwa, winchi inapakia.

"Ile inakwenda huko, kweli. Saruji, mashine za kufulia, chakula cha ng'ombe."

"Basi nitakaa na chakula cha ng'ombe."

"Chakula cha ng'ombe kina karatasi zake, babu. Wewe unazo?"

Nje ya uzio kuna nguzo ya zamani ya kufungia kamba za meli. Nikakaa hapo, nikaitazama ikipakia. Masanduku yanakwenda nyumbani, mimi siendi. Maji yale yale yanayopiga ukuta wa shamba langu la mizabibu, na mbele yangu wameweka waya.

Nilipotaka kuinuka, nguzo ikawa fupi mno. Imetengenezwa na mtu asiyejua kukaa. Nikajaribu, nikajaribu. Kijana akaja akanipa mikono yake. Nilimruhusu. Kofia ikadondoka, akaiokota, ndani akakuta namba ya simu ya Lubélia, mwandiko wake mwenyewe kwa wino. Sijui aliandika lini.

Kijana akampigia, naye Lubélia akaja na teksi. Hakugomba. Alinifunga mkanda kama mtoto.

Ndevu sijanyoa.

Ijumaa, 24 Mei

Leo tumetembea wawili, kanishika mkono kila kona. Mkoba kauvaa kifuani, chini ya koti, katika jua hili.

Kanipeleka Graça, juu kabisa, pale watu wanapotazamia mji. Mapaa mekundu, ngome, mto, daraja. Akaagiza konokono. Watu wa huku wanakula konokono mwezi huu, wanawachokoa kwa kijiti. Nilikula kumwonyesha kwamba naweza.

"Nilikusikia kwenye simu," nikamwambia.

Akaweka kijiti chini. "Baba, wewe ulianguka. Ulilala sakafuni jikoni tangu asubuhi mpaka muuza mkate alipopita jioni."

"Sikuanguka. Nilikaa chini."

"Ukakaa chini mpaka jioni?"

"Sakafu ni yangu."

Akacheka. Alicheka kweli, kama mama yake, mkono mdomoni. Kisha macho yakajaa. "Na siku ukikaa chini muuza mkate akiwa ameshapita?"

Nilikuwa na konokono mdomoni.

"Hermínio atalitunza taji," akasema. "Sote tunamjua."

"Mama yako alishona kitambaa cha meza ya taji. Miaka yote jina langu limo kofiani, yeye anashona pembeni pembeni. Kafa hakijatandikwa. Hermínio atakiwekea sufuria."

"Sikujua kama alikimaliza."

"Kiko kabatini, chini ya shuka za harusi."

Aliutazama mto muda mrefu. Mwishowe akauliza kama mji si mzuri.

"Hauna mlima," nikasema.

Kwenye ngazi za kushuka hakunishika kwa nguvu kama kwenye za kupanda. Au goti ndilo lilikuwa zima zaidi.

Jumamosi, 25 Mei

Uwanja wa ndege. Naandikia gotini. Wametukalisha kwenye viti vya chuma, virefu nyuma, vifupi chini.

Lubélia kasema anakwenda kununua maji. Mkoba kauweka mapajani kwangu. Tangu Alhamisi hajauachia hata akienda chooni. Nimeufungua. Kitambulisho changu kipo, juu kabisa. Picha imenizeesha. Hakikuwa kimefungiwa, hakikuwa chini ya vitu vingine. Kusahau? Lubélia hasahau. Kasahau nini tangu azaliwe?

Dirisha la tiketi za visiwani liko mbele yangu, kama kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye zizi. Watu wetu wamepanga mstari. Maboksi yamefungwa kamba. Mmoja kabeba miche ya matunda imefungwa gazeti, mwingine analalamikia ukungu kwa sauti ya kwetu kabisa, Pico leo utafunga uwanja, Pico leo hautafunga. Ndege inaondoka asubuhi hii. Pesa bado iko kwenye fulana.

Nimejaribu kuinuka. Kiti hiki kifupi.

Nimejaribu tena. Waliokitengeneza ni wale wale wa nguzo.

Maji keshanunua. Namwona. Kasimama pale kwenye nguzo ya jengo, chupa mkononi, ananitazama. Haji. Anajua nikimwita atanipa mkono, na akinipa mkono tunakwenda Luxemburg. Mimi simwiti. Yeye haji. Chupa kaishika kwa mikono miwili.

Mstari wa kisiwani umeanza kusogea. Mwenye miche kafika dirishani.

Naweka kalamu mfukoni, nipate mikono yote miwili ya kujiinua.