Mashine Iliyolala Kwetu Siku Arobaini

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge.
14 Septemba 2003

Mpendwa ndugu yangu Abdulhamid,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Zuwena na wote mlio chini ya paa lenu huko Buruseli. Mgongo wako vipi? Mwanao Anwari alituambia kiwandani wamekuhamishia kazi ya kukaa. Kama ni kweli, alhamdulillahi, pumzika. Sisi tuko hai. Magoti yananiuma nikisujudu, lakini bado nasujudu. Mihogo imetoka kwa wale waliothubutu kupanda. Mawese yamejaa kwenye mapipa, hayana pa kwenda. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, kidogo tu, ya kutuliza vumbi.

Hizo ni salamu. Nimezitimiza kwa sababu mama yetu alitulea kwamba hata mtu uliyemkasirikia unamuuliza kwanza ameamkaje. Nimekwisha kukuuliza. Sasa nakwambia nimekukasirikia, Abdulhamid, na sijapata kukukasirikia hivi tangu uzaliwe nikakubeba mgongoni.

Barua yako aliniletea Elda, yule mama wa vitenge anayepanda Bujumbura na kushuka. Unasema Fahima wangu amekwisha kuposwa na Anwari wako. Unasema ile mashine ya mchezo aliyomwachia ni kishika uchumba, na kwa kuwa siku unaandika ilikuwa imelala kwetu siku arobaini, basi jibu limekwisha kutolewa, maana kwa watu wetu kitu cha posa kikilala siku saba hakirudi. Unasema Anwari atakuja Desemba kufunga nikahi. Na mwisho unaandika kwamba binti ni mzuri ila ni wa huku, mtamboresha mkishamfikisha. Neno hilo nimelisoma mara nne. Nilivua miwani nikaifuta, nikalisoma tena.

Jibu langu ni hapana. Sasa kaa, nikueleze, kwa sababu naona mwanao alikupa nusu ya habari, tena ile nusu inayompendeza yeye.

Anwari alifika mwanzo wa Juni, akae wiki moja. Tulimpokea kwa mikono miwili, nilimchinjia jogoo wangu. Kabla wiki haijaisha barabara ya Bujumbura ikafungwa kwa vita, magari yakawa hayapiti Minago, na mgeni wa wiki moja akawa wa wiki saba. Sikulalamika hata siku moja. Mtoto wa kaka ni mtoto wangu.

Alikuja na mashine mbili ndogo, kila moja kama ukubwa wa msahafu wa mfukoni, zinakula mapili, zile betri za redio. Alipoona siku ni ndefu akamwambia Fahima, njoo nikufundishe. Mimi niliposikia ni karata nikasema hapana, nyumba hii haichezi kamari. Akacheka, akanionyesha. Karata haziko mkononi, ziko ndani ya kioo. Hakuna dau. Kila karata ni mnyama, au ni chakula cha mnyama, na mnyama haumi mpaka umlishe. Nilimuuliza imamu wetu, akasema bila dau na bila kukosa sala haoni ubaya. Basi nikakubali, nikaweka sharti mbele yao wote wawili: kila mmoja aanze na fungu la mwanzo, lile mashine inalompa kila mtu, na asiongeze ila alichokishinda chini ya paa hili. Anwari akasema, "Ndiyo, shangazi, sawa kwa sawa." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Hilo fungu la mwanzo, ndugu yangu, ni takataka. Karata sitini, wanyama wa rangi tano, na kila rangi ina chakula chake. Unashika simba huna nyama, unashika nyasi huna mbuzi. Siku za kwanza Fahima alipigwa kama ngoma. Anwari anamwambia, "Binamu, wewe unacheza kama unasahihisha daftari." Kweli ndiyo kazi yake, anafundisha darasa la nne, unajua. Mtoto akaanza kufikiri.

Nilikuwa nakaa karibu nao nikichagua maharage, kwa hiyo niliona. Akatupa rangi tatu, akabaki na mbili. Akatoa wale majitu wanaokula sana, maana alisema unakufa kabla hawajashiba. Akaweka vijinyama vidogo, kila kimoja mara nne, ili asikose kukipata. Akishinda mashine inampa karata mpya, anaangalia, moja anaiingiza, tano anaziacha, hata zile nzuri za kung'aa. Nikamuuliza, "Hiyo iko nzuri, mbona unaiacha?" Akaniambia, "Mama, iko nzuri peke yake. Haina wa kusaidiana naye." Nilipenda neno hilo.

Anwari alikuwa anachekelea. "Shangazi, binti yako anafukuza simba anafuga panya." Jirani yetu Consolée, yule mkausha dagaa wa Uvira, anasali kwa Wapentekote lakini ni ndugu yangu, akamjibu, "Sisi watu wa ziwa tunakula dagaa, baba. Simba hatujapata kumla hata siku moja."

Mwisho wa Juni panya wakamla simba. Mara tatu mfululizo, alasiri moja, mbele yangu na Consolée na wanawake wawili waliokuja kununua mkaa. Consolée akasema, "Bwana wa Buruseli, simba wako bado anasubiri sahani?" Watu wakacheka. Fahima hakucheka, namshuhudia kwa Mungu. Alimwambia binamu yake amecheza vizuri, akaenda kutia maji ya udhu.

Kesho yake Fahima yuko shuleni na mitihani ya mwisho wa mwaka. Anwari akachukua mashine yake, akaziunganisha zote mbili kwa waya. Nilimuuliza unafanya nini. Akasema, "Namboreshea." Nikadhani ni jambo la fundi, la kusafisha. Hapo ndipo nilipokosea, ningemwambia ngoja mwenyewe arudi.

Fahima aliporudi akaiwasha. Vijinyama vyake vyote havimo. Mahali pake kuna majitu ya kung'aa, yale yaliyokuwa yamefichwa kwenye mashine ya Anwari tangu Buruseli, kinyume na sharti. Na vile vidogo vimehamia kwake. Labda mwanzo alidhani anamfurahisha. Nataka kumdhania hivyo, ni damu yangu. Lakini jioni ile ile, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, alikaa naye kucheza, akamshinda kwa fungu alilolitengeneza Fahima mwenyewe, akamgeukia Consolée akasema, "Unaona, mama? Kumbe mchezaji ndiye mwenye kazi, si karata."

Fahima akamwambia, "Basi nirudishie zangu, tuone."

"Nimekupa vitu vyenye thamani, binamu. Huko kwetu watu wanapigania hizo."

"Sikuziomba. Nirudishie zangu."

"Zawadi hairudishwi."

Alimwomba mara tatu kwa siku tatu tofauti, kwa adabu, mbele yangu. Mara ya tatu Anwari akamwambia amezidi utoto. Tangu siku ile Fahima hakuigusa mashine. Aliiweka juu ya kabati, nayo ikakaa hapo, imezimika. Hiyo ndiyo zawadi mnayosema ililala kwetu.

Sasa hizo siku saba. Usinifundishe mila, Abdulhamid, mimi ndiye niliyekufundisha wewe. Kitu cha posa kinaletwa na mtu mzima, kinatajwa jina mbele ya walii, na binti anajua ni kitu gani. Asipokitaka kinarudishwa kabla ya siku ya saba, na anayekileta anakaa mahali ambapo mtu anaweza kukirudisha. Mashine hii haikutajwa. Aliyeileta aliondoka tarehe ishirini Julai nyuma ya lori la wanajeshi, na baada yake barabara ikafungwa tena. Ulitaka tukirudishe na nani, na kunguru? Watu wanachomewa gari hapa kwa sababu ya kwenda kuuza mafuta, wewe unahesabu siku kama hakimu.

Na hilo la kumboresha. Fahima alisoma miaka yote hii ambayo wewe unaiona kwenye televisheni. Alifanya mtihani wa dola, ule wa kumaliza shule, wiki moja baada ya kumzika baba yake. Anafundisha watoto sitini na wanne kwenye darasa lisilo na mlango, na wiki ambayo risasi zinalia anawafundisha wamelala chini ya madawati. Mnamtaka kwa sababu yuko hivyo, halafu mumtoe kila kilichomfanya awe hivyo, mumjazie vyenu, mseme ni kazi yenu. Nimeona mwanao akifanya jambo hilo kwenye kitu cha kuchezea. Sitaki kuliona kwa mtoto.

Hapa ningemaliza, kama ningekuwa mwongo.

Lakini Anwari hakukudanganya yote, na wewe unajua, ndiyo maana barua yako ina kiburi. Asubuhi ile ya lori, tukiwa wawili tu, aliniambia, "Shangazi, ile mashine ni kishika uchumba. Unasemaje?" Nami nikasema, "Ndiyo, inshallah."

Nilisema. Siku moja kabla walikuwa wameua watu wanne kwenye njia anayopita Fahima kwenda shule, mmoja tulikuwa tunamuuzia mkaa. Nilimtazama kijana wenu na viatu vyake vyeupe, nikaona ndege ya kwenda huko kwenu. Nikaona mwanangu analala mahali pasipo na mlio. Sikumuuliza binti, sikumwambia Amuri, shemeji yangu, ambaye ndiye walii wake tangu baba yake Kassimu afariki. Nilitoa neno ambalo halikuwa langu, nikaingia ndani nikapika kama kawaida, na kwa karibu miezi miwili sikuwaambia. Barua yako ndiyo iliyowaambia. Amuri alinisomea mbele ya Fahima, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamechoka siku hiyo, na nikawaona wote wawili wakinitazama.

Fahima hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mama, ulijua?" Nikasema nilijua. Akaamka, akaenda kwa Consolée, akakaa huko siku mbili. Sijapata adhabu kama ile. Nimefunga siku tatu kama kafara, na imamu ameniambia neno lililotolewa bila ridhaa ya binti si ahadi, ni kosa. Basi kosa ni langu, nitajibu kwa Mungu. Usimdai Fahima kwa kinywa changu.

Aliporudi nilimkalisha, nikamwambia maneno yote ya upande wenu bila kupunguza. Kwamba huko hakuna vita. Kwamba akikaa hapa siwezi kumwahidi mwezi ujao. Kwamba mjomba wake si mtu mbaya, ila amezoea kuona huku kote ni shimo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alichojibu sitakiandika mimi. Nimechoka kumsemea.

Mashine inarudi. Elda anaibeba mpaka Bujumbura, na huko kuna mtu anayepanda ndege. Amuri ameifunga kwenye kitambaa mbele ya imamu na Consolée, wote wawili wameona hakuna kilichopungua, majitu yote yamo yanang'aa. Zile ndogo abaki nazo Anwari. Ukipokea, tuma neno kwamba imefika.

Anwari asije Desemba kwa jambo hili. Akija kama mtoto wa kaka yangu, atakula kwangu, nitamtandikia. Akija kama mposaji, Amuri atampokea mlangoni, na hapo hapo mlangoni watazungumza.

Usidhani nimekata undugu. Ningetaka kuukata nisingeandika kurasa nne kwa mkono unaouma. Nimekukasirikia kwa sababu wewe ndiye peke yako uliyebaki katika watoto wa mama, na badala ya kuniuliza kama tunalala, unaniletea hesabu ya siku.

Msalimie Zuwena, mwambie bizari yake ilifika na tuliigawa. Msalimie Anwari pia, na asifichwe barua hii, aisome yote. Shangazi Esha wa Kabezi anakusalimu. Haoni tena lakini anakutaja kwa jina. Consolée anasema amahoro, amani kwenu. Amuri anasema barua yako ameipokea.

Mungu akuponye mgongo, akulainishe na moyo. Atuweke hai mpaka tugombane ana kwa ana.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapotetemeka kwa hasira,
Batuli

Hapa chini nimemwachia Fahima nafasi. Aandike anachotaka.

Shikamoo mjomba. Nimeulizwa leo kwa mara ya kwanza. Sitaki.
Fahima binti Kassimu