Majina Hayakatwi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Hujambo, na goti halijambo? Najua utajibu kwamba uko salama hata kama jana ulishindwa kufika kisimani, kwa hivyo usinijibu wewe, nitamuuliza Kilonzo. Huyo ndugu yangu hajui kudanganya. Mvua imefika Kanyangi, au imeishia Kwa Vonza kama kawaida yake? Zile ndengu za shamba la chini zimeota? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anawatisha wenzake zizini kwa macho tu, au hatimaye umemuuza?

Ulisema simu inakuharakisha, kwamba mtu anaanza kukuambia jambo na hapo hapo salio linaisha. Basi hii ni karatasi, haina salio. Vaa miwani, keti pale pa jua, usome polepole. Nina habari moja kubwa na itachukua nafasi.

Kwanza mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hospitali. Ndani ni joto la mvuke, nje ni baridi inayouma masikio, na mikono yangu imekuwa kama ya mtu aliyechambua katani maisha yake yote. Wajerumani wa zamu yangu ni watu wema lakini hawasemi. Tunakunja shuka, mmoja huku mwingine kule, mpaka saa ya kwenda nyumbani, na hakuna aliyeuliza mwenzake ameamkaje. Mwanzoni nililia. Siku hizi nawaamkua kwa nguvu, mmoja mmoja kwa jina lake, na nasimama hapo mpaka wajibu. Wameanza kuzoea. Juzi mmoja aliniwahi.

Sasa sikia. Unakumbuka Kanyangi Stima Sound? Najua unacheka. Bendi ya kinanda kimoja, jina la stima, na kijiji kizima hakikuwa na hata waya wa umeme. Mimi kwenye kinanda, Kilonzo kwenye sauti, na betri ya gari tuliyokuwa tukiipeleka kwa Munyao kuchajiwa. Watu walituuliza magitaa yako wapi, Mkamba gani anaimba bila gitaa, na hiyo ngoma inayojipiga yenyewe ndani ya mashine ni uchawi gani. Lakini walicheza. Nyimbo zetu za kwanza tulizitoa moja moja kwa kanda, wimbo mmoja upande wa kwanza na wimbo ule ule upande wa pili, kwa sababu tulikuwa na mmoja tu.

Mwaka huu Kilonzo aliweka vipande vya nyimbo hizo kwenye mtandao kule mjini Wote ili watoto wake wazisikie. Kumbe kuna Mjerumani anayeitwa Jonas ambaye kazi yake ni kutafuta nyimbo za kinanda za zamani kutoka nchi za watu na kuzitoa upya kwa santuri. Alizisikia, akamwandikia Kilonzo, Kilonzo akamwambia dada yangu yuko huko huko kwenu. Nikapanda treni siku yangu ya mapumziko nikaenda kumwona. Ni kijana mrefu, mpole, ana nywele kama za mahindi mabichi. Alikuwa tayari ameshapokea kanda zote kutoka kwa Kilonzo. Anataka kukusanya nyimbo zile za mwanzo, zote, kwenye santuri moja yenye picha yetu juu.

Mwaitu, aliziweka nikazisikia kwa spika kubwa, na nilisimama katikati ya chumba cha watu nikiwa na koti mwilini na machozi mpaka kidevuni. Sikuona haya. Kile kinanda chetu ambacho kibonye kimoja kilikuwa kimekwama, nikakijua. Kilonzo akiimba kama mtu anayekimbizwa na nyuki, nikamjua.

Halafu nikaanza kucheka, kwa sababu wimbo wa pili Jonas alikuwa ameuandika jina lake "Nzioka". Nilimuuliza kwa nini. Akasema si ndivyo unavyoanza, Nzioka, Nzioka, Nzioka, akadhani ndiyo maneno ya wimbo. Ikabidi nimweleze kwamba Nzioka ni mjomba wangu, kaka yako wewe, na kwamba kwenye wimbo wa kwanza tulisalimia watu wote waliotusaidia tukamsahau yeye. Unakumbuka ilivyokuwa. Mjomba wa damu, aliyetutolea mbuzi wa kununulia kinanda, na asikie kwenye kanda mtu wa betri anasalimiwa na yeye hayupo! Alikataa hata kunywa chai nyumbani kwako. Ndipo ukatuambia wimbo unaofuata usianze hata ngoma kabla ya jina lake, na liitwe mara tatu. Tukafanya hivyo, na Jumapili hiyo hiyo alikuja akakaa kwenye kiti chake.

Jonas alicheka sana. Kisha nikamwambia aendelee mpaka mwisho wa wimbo, nisikie salamu. Akaniambia mwisho ndio huo. Ngoma ilikuwa imezimwa mara tu Kilonzo alipomaliza kuimba.

Alikuwa amezikata salamu zote. Kila wimbo. Pale ambapo kinanda kinaendelea taratibu na mimi nashika maikrofoni kuwataja watu, alikuwa amepitisha kisu. Alinieleza kwa upole kwamba santuri ina kipimo chake, kila upande ni kama debe, ukizidisha linamwagika. Na tena, alisema, hayo ni maongezi tu, wimbo wenyewe umeshakwisha. Akasema anaweza kuniachia kidogo, jina moja au mawili. Nikakumbuka tunavyosema, bandu bandu huisha gogo, nikakataa hapo hapo. Nilimwambia sitatia sahihi siku hiyo. Nilipanda treni nikiwa na hasira mpaka nikapita kituo changu.

Nikampigia Kilonzo. Unajua amekuwa shemasi sasa, anaongea kama mtu anayefunga mkutano. Alisema tukibishana Jonas atatuacha, na bahati kama hii haitarudi.

"Mutheu, wachana na hiyo story ya majina," aliniambia. "Hao watu wa huko hawajui Nzioka ni nani."

"Sisi tunamjua," nikamwambia.

"Sasa unataka tukose record juu ya salamu?"

Kusema kweli niliogopa. Niliitaka ile santuri, Mwaitu. Nimefua mashuka ya wagonjwa miaka yote hii, na hapa hakuna mtu anayejua kwamba niliwahi kufanya jambo ambalo watu walisimama kulicheza. Nililala nikijiambia kwamba majina ni maneno tu.

Kilichoniamsha ni Halima. Unamkumbuka Abdi wa Tseikuru, mnunuzi wa mbuzi, aliyetuchukua pale Kwa Vonza na lori lake kila tulipokuwa na wimbo wa kurekodi Nairobi? Tulikaa nyuma na mbuzi, kinanda kimefungwa kwa blanketi lake la kuswalia safarini, na hakutaka malipo yoyote. Alisema tu, mkiimba mniseme. Halima ni binti yake, ndiye anayeendesha duka lake Tseikuru tangu alipofariki. Kilonzo alikuwa amempa namba yangu. Alinipigia, akanisalimu vizuri, akauliza habari zako, halafu akasema amesikia wimbo wetu unarudi.

"Dada, ile kanda yetu ililiwa na radio kitambo," akasema. "Nilikuwa nataka tu hiyo mahali mnamtaja baba. Watoto wangu hawakumwona."

Hakutaka wimbo. Wimbo hata haelewi, si Mkamba. Alitaka mahali pale tu. Nilimwambia atapata, nikakata simu, nikaona nimeshaahidi na hakuna kurudi nyuma. Watu walitupa mbuzi, lori, betri, na wewe ukatutwangia mahindi ya muthokoi na kutupikia siku nzima, na tulichowaahidi wote ni kimoja, kwamba jina lao litasikika. Nikilikata nitakuwa nimewalipa shukrani ya punda.

Basi siku yangu ya mapumziko iliyofuata nikarudi kwa Jonas. Nilimwambia sisi hatujawahi kuona wimbo wenye salamu ukaitwa umekwisha kabla ya salamu. Kwetu mtu anasikiliza wimbo wote ili afike pale. Nikamweleza mmoja mmoja, huyu alifanya hivi, huyu vile. Nilipofika kwa Abdi na mbuzi wa nyuma ya lori, aliweka kalamu chini. Akasema ananielewa, lakini debe ni debe. Nyimbo zote pamoja na salamu zote haziingii.

Nikamwambia, "Toa wimbo mmoja, basi. Majina hayakatwi."

Akauliza upi. Hakupenda nilipomjibu.

Ni ule wa mvua, Mwaitu. Ule pekee niliouimba mimi mwenyewe kwa sauti yangu, ambao uliombwa kwenye kila harusi kutoka Kanyangi hadi Wote. Ni mrefu kuliko zote, na salamu zake ni za watu walewale wanaotajwa kwingine, kwa hivyo ukitoka huo hakuna mtu anayepotea. Anayepotea ni mimi tu. Jonas alikuwa amepanga uwe wa kwanza kabisa, alinisihi sana, Kilonzo naye alinipigia akasema nimerukwa na akili. Niliumia, sitakuficha. Usiku huo niliuimba wote nikiosha vyombo. Lakini sahihi niliitia. Sasa kwenye santuri hiyo anayeimba ni Kilonzo peke yake, na mimi nasikika tu mwishoni nikiwaamkua watu. Nimelitazama jambo hilo pande zote na naona linanitosha.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili utanigombeza. Jonas alipopima tena alikuta pamebaki nafasi kidogo sana, kama makombo ya chini ya debe. Aliniuliza nataka kuweka nini. Ana kinanda cha aina ile ile yetu, chenye vibonye vyote. Nikakiwasha, nikatafuta ile ngoma yetu ya zamani, nikasogea kwenye maikrofoni. Ulikuwa ukitukataza tukitaka kukutaja. Ulisema wewe si mgeni wa kusalimiwa, nyumba haijisalimii. Tulikutii nyimbo zote. Sasa niko mbali na mwiko wako, na nimekuwa mtu mzima.

Nisalimie mjomba Nzioka kabla ya mtu mwingine yeyote, na mwambie kwamba wimbo wake ndio wa kwanza sasa, Ujerumani nzima itaanza na jina lake. Nisalimie Munyao wa betri, ingawa siku hizi stima imefika na hana wa kumchajia. Nisalimie shemasi Kilonzo na mkewe, mwambie sijamkasirikia na aimbe kanisani kwa sauti ile ile ya nyuki. Halima nimeshampigia mwenyewe. Majirani wote wa kanisa wape mkono wangu.

Wewe sikuandikii salamu hapa. Kilonzo atakuletea nyimbo kwenye simu yake, mkae msikilize zote kwa mpangilio, bila kuruka. Baada ya wimbo wa mwisho kinanda kitanyamaza, na najua ndugu yangu alivyo na haraka, atanyoosha mkono azime. Mshike huo mkono. Mwambie angoje, bado jina moja.

Ni mimi binti yako, mpiga kinanda,
Mutheu