Miaka Kumi na Mmoja Sijamwona, Leo Nimemwona Saluni

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, mvua ya Kyela isiyojua kupumzika. Naandika nikiwa nimesukwa nusu kichwa. Upande wa kushoto nina rasta nzuri zimelala, upande wa kulia nina nywele zangu mwenyewe zimesimama wima kama watu waliosikia habari mbaya.

Nina hasira. Nimekunywa chai, nimefua nguo zisizo na pa kukaukia, nimesali. Hasira iko palepale.

Saa tatu asubuhi nilipanda bodaboda kutoka Ikolo kwenda mjini kwa Tumpe, msusi wangu. Kusuka rasta ni saa tano za kukaa na kichwa mikononi mwa mtu mwingine. Hugeuki, huinuki, na huchagui cha kutazama. Tumpe ametundika televisheni juu kidogo ya kioo na kuchomeka flashi iliyojaa video za muziki, kwa hiyo ukitaka kujiangalia unavyopendeza lazima umwangalie na msanii.

Niseme mapema kwamba muziki naupenda. Nina miaka thelathini na nane, na harusini huwa nacheza mpaka viatu nakwenda kuvitafuta kesho yake. Lakini leo nimezitazama mfululizo bila pa kukimbilia, na nina maneno.

Ya kwanza, kijana kaachwa. Kaachwa, basi kaingia kwenye jakuzi la hoteli na suti yake, maji yamejaa maua, analia. Nikamuuliza Tumpe atatokaje humo na viatu vile. Tumpe akaniambia dada, hayo ndiyo mapenzi. Mapenzi gani ya kuloanisha soksi? Huku kwetu msimu huu hata asiyeachwa ameloa.

Ya pili, binti wa kijijini anatwanga. Kope za kubandika, kucha ndefu kama vijiko, na kamera ikasogezwa mpaka ndani ya kinu. Kinu kitupu! Hakuna hata punje. Sasa alikuwa anatwanga nini? Halafu unatuletea hiyo sisi wa Kyela, watu ambao mchele wetu unatajwa kwa heshima mpaka huko walikotoka na kamera zao. Mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa anasubiri zamu yake kwenye benchi, alisema yeye angemnyang'anya yule binti mchi.

Ya tatu ndiyo iliyonipandisha presha, maana mimi ni muuguzi. Nesi kavaa gauni linaloishia pale linapotakiwa kuanzia, viatu virefu, na kipimo cha kusikilizia moyo kakiweka kwenye bega la mgonjwa. Bega la kulia. Dripu wameibandika kwa plasta juu ya shati. Mgonjwa akakata roho, mpenzi wake akaimba beti mbili, mgonjwa akafufuka. Ningekuwa na uwezo huo zahanati yetu isingehitaji dawa, tungeajiri kwaya.

Kwaya nayo ilikuja, ya nne. Wanawake kumi na wawili wamesimama ufukweni kwa sare za satini, miguu inazama mchangani, na mmoja wa nyuma anakosea hatua tangu mwanzo hadi mwisho huku anatabasamu kwa moyo wake wote. Hiyo niliipenda. Nakiri machozi yalinitoka kidogo, nikamsingizia Tumpe kwamba anavuta sana.

Ndipo ikaja ya tano.

Kabla sijaieleza, lazima nieleze jambo la nyumbani kwangu. Mimi ni mtu wa Same, nilikuja huku kwa ajira, nikaolewa na Mnyakyusa. Siku chache kabla ya harusi mashangazi wa mume wangu waliniweka chini wakaniambia kwamba mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, hatamki jina lake, hamtazami usoni, na yeye vilevile hamtazami. Wenyewe wanaita kuogopa, ila siyo woga wa kukimbia simba. Ni heshima.

Siku hizi wengi wameacha. Wapo mabinti wanaopanda pikipiki moja na baba wakwe zao kwenda mnadani. Ukoo wetu haujaacha.

Nilikasirika wakati ule, na nimekasirika kwa miaka kumi na mmoja. Harusini baba mkwe alikaa hema jingine. Kanisani yeye husali ibada ya kwanza, mimi ya pili. Picha zake ziko ukutani kwenye sebule nisiyoingia, na mume wangu, ambaye kalelewa hivyo, hajawahi kunionyesha hata moja. Mwaka fulani aliletwa zahanati akitetemeka kwa malaria, na zamu ilikuwa yangu. Nilijificha nyuma ya pazia na kumwita mwenzangu amchome sindano. Nesi mzima, nyuma ya pazia! Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mila yao ni ya kijinga. Akanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote nikisema hivyo.

Kwa hiyo mtu huyu namjua vipande vipande. Namjua kwa kikohozi chake, ambacho hutangulia kabla hajakata kona ili nipate muda wa kupotea. Namjua mgongo. Namjua kofia yake ya pama, na namna anavyofanya tukikutana njiani kwa bahati mbaya: anageukia migomba, anashusha kofia kwa mkono wa kushoto mpaka inafunika shavu, anasimama hivyo hadi nipite. Mzee wa watu anasimama kwenye matope kwa ajili yangu. Mimi napita huku nimenuna.

Sasa video.

Ilianza na mandhari niliyoifahamu kabla akili haijakubali. Vichanja vya kukaushia kakao, mgomba uliovunjika, paa la bati lenye kiraka cha bluu. Kisha mzee wa suti, amekaa kwenye kiti, anaitazama kamera na kucheka. Nyusi yake moja, ya kushoto, ilipanda juu kuliko mwenzake. Meno ya mbele yana mwanya.

Nilimfahamu papo hapo. Ni sura ya Atu, binti yangu wa miaka saba. Nyusi hiyohiyo, mwanya huohuo, kicheko kilekile cha kuanzia upande mmoja. Tangu azaliwe watu wananiambia mtoto kafanana na babu yake, nami najibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesifiwa chakula ambacho hajaonja.

Halafu wakamvalisha miwani myeusi na mkufu wa dhahabu ya kuchovya. Maandishi yakapita: BABU KAKAO. Msanii akaimba kwamba ukikosa kijana mfuate mzee wa shamba, mzee hana wivu, mzee ana mavuno. Na binti mwenye kaptura fupi kuliko maelezo akaja akakaa kwenye mkono wa kiti chake, akamwegemea.

Saluni nzima ikaangua kicheko. "Muone anavyojifanya ana aibu," Tumpe alisema.

Maana mzee aligeuka. Aligeukia upande wa vichanja, akashusha kofia kwa mkono wa kushoto mpaka ikafunika shavu, akabaki hivyo. Wakaikata hapo, wakairudisha, wakaikata, wakairudisha, kwa mdundo, mara sita. Wamemfanya anacheza.

Hakuwa anacheza. Alikuwa anampa heshima mtoto wa watu.

Mama muuza usipa akasogea karibu na skrini akauliza kama huyo siye yule mzee wa kanisa wa Ikolo. Mwingine akasema ndiye, video inazunguka kwenye simu tangu juzi, na kanisani kwao tayari kuna maneno. Niliinuka na rasta moja ikiwa bado mikononi mwa Tumpe, nikazima televisheni kwenye swichi ya ukutani. Nikasema huyo ni baba yangu. Sijawahi kutamka hivyo. Nikajifunga kitenge kichwani, nikatoka kwenye mvua.

Kwenye ukurasa wa yule msanii kuna namba ya simu. Nilimpigia nikiwa nimesimama chini ya kibaraza cha duka la mbolea. Akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi, akasema yeye ndiye aliyepiga picha. Nikamuuliza walimwambia nini mzee. Bila kusita akanieleza kwamba walimwambia ni video ya kilimo, ya kuonyesha kakao ya Kyela, maana wazee ukiwaambia muziki wanakataa. Ndiyo sababu alivaa suti. Suti ya meza ya Bwana! Nikamwambia aiondoe.

"Mama, mzee anapendwa nchi nzima," akanijibu. "Mngetushukuru."

Sitaandika nilichomjibu. Mimi ni mtumishi wa umma.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe, kwa njia ya nyuma kama kawaida. Alikuwa anachambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Aliniambia wazee wawili wa kanisa walikuja mchana. Mume wake ameitwa kesho baada ya ibada ya kwanza akajieleze kuhusu yule binti na ile miwani, na asiporidhisha atavuliwa uzee wa kanisa, ambao amekuwa nao tangu mume wangu hajazaliwa. Tangu waondoke hajala.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: video yenyewe hajaiona. Simu yake ni kitochi. Ameitwa kujitetea kwa jambo ambalo kila mtu amelitazama isipokuwa yeye. Nilimpigia mume wangu, ambaye yuko Mbeya kikazi, akacheka kwanza, kisha nilipomweleza mambo ya wazee wa kanisa akanyamaza. Watu wa nyumba hii kwa kunyamaza hawajambo.

Upande wa pili wa ukuta wa jiko, barazani, kilisikika kikohozi.

Nilianza kuinuka. Mama mkwe akanishika mkono akanikalisha. Mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo ilimbidi mzee apaze sauti, na alizungumza Kiswahili, si Kinyakyusa anachozungumza na mkewe. Nilielewa kwamba ni kwa ajili yangu.

"Mwambie mama Atu," alisema, "yule binti alikuja kukaa bila mimi kujua. Sikumtazama."

Nilitakiwa kusubiri mama mkwe anipe ujumbe. Sikusubiri.

"Mwambie baba nimeona," nikasema. "Nimeona alivyogeuka."

Mama mkwe hakupeleka neno upande wowote. Alikaa kati yetu na ungo wake, anapeta mchele safi.

Mzee akakohoa tena, mara hii bila sababu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakata kona.

"Ndaga," akasema. "Ndaga fijo."

Hakusema mwambie. Aliniambia mimi, asante, asante sana, miaka kumi na mmoja na neno la kwanza ni hilo. Nililia kwa sauti kama mtoto, na yeye huko barazani hakuondoka mpaka nilipomaliza. Baadaye mama mkwe alimpelekea wali na usipa, akala.

Kwa hiyo kesho nakwenda ibada ya kwanza. Nitakaa nyuma kabisa, kwenye viti vya wachelewaji. Wazee wakianza kikao, baba mkwe atasubiri nje na kofia yake, mimi nitaingia ndani na simu yangu ikiwa imejaa chaji. Nitawaonyesha pale aliporudishwa mara sita kwa mdundo, na nitawaambia wao wenyewe, Wanyakyusa wazima waliozaliwa hapa, kwamba imebidi mgeni wa kutoka Same awatafsirie mila yao. Nikimaliza hapo nitaanza na yule kijana wa kamera, na sitachoka.

Nitakwenda na nusu kichwa. Tumpe amepiga simu mara tatu kuomba msamaha na anasema yuko tayari kumalizia hata alfajiri, lakini hasira ya leo naitaka ibaki kama ninavyoiona kwenye kioo.

Najua watakachoniuliza. Watauliza mimi, mke wa mtoto, nimemtambuaje mtu ambaye sipaswi kumwona. Hilo ndilo linalonisumbua sasa hivi, hapa mezani, wakati Atu amekaa mbele yangu na bakuli la uji, ananicheka nywele, nyusi moja juu, mwanya nje. Mashangazi watasema nisahau nilichokiona, mambo yarudi kama zamani, nami niko tayari kujificha nyuma ya pazia miaka mingine kumi na mmoja, bila kununa. Lakini sura ile nitaisahau vipi, na mwanangu anaamka nayo kila asubuhi?