Mikate ya Arobaini Yako

Baba,

Shikamoo. Nimengoja marahaba yako, kisha nikakumbuka. Mazoea yana taabu.

Arobaini yako imepita, na imepita vibaya. Bora uyasikie kwangu, maana hapa Kiegeani hakuna neno linalolala ndani.

Mdogo wangu Kombo ndiye anayegema tembo sasa. Kupanda minazi anajua, na kisu chako cha kugemea anakinoa kila siku, hapo simlaumu. Lakini vibuyu vya kukingia hanipi nivioshe. Huyaacha makusudi mashapo ya jana humo ndani, ili tembo lichache upesi, awauzie vibarua wa shamba jipya la Wadachi. Nilipomuuliza alinijibu kwamba tembo tamu halina mnunuzi siku hizi. Wewe ulikuwa ukisema kibuyu kikipanda na jana yake, kitashuka na ugomvi. Nikishavisugua kwa mchanga na maji ya moto, ulikuwa ukivinusa kimoja kimoja kama mtu anayenunua samaki, nami nikikucheka.

Siku ya hitima niliumulia mikate kwa tembo la alfajiri alilogema Kombo, kama tulivyofanya siku zote. Ikaumuka, ikapendeza. Nilipoiepua, harufu ya ulevi ikanipiga usoni. Mwalimu, yule yule aliyekuwa akipitia kwako asubuhi kunywa tembo lake tamu lisilolevya kabla ya kwenda chuoni kusomesha Kurani, alimega, akanusa, akaisukuma sahani taratibu. Wenzake nao wakaacha. Mikate yako, baba, ililiwa na kuku. Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia siku ya mazishi, na hilo nalo linaniuma.

Jioni nilimwambia Kombo, "Jina la baba ni moja, ndugu yangu, na wewe unaliuza." Aliendelea kunoa kisu. Leo asubuhi nimekuta kibuyu kimoja mlangoni pangu. Kimoja tu. Vingine kapanda navyo vichafu.

Nimekisugua mpaka vidole vinawaka. Nimekinusa kama wewe. Kesho Kombo atapanda nacho ule mnazi wako wa karibu na kisima, na tembo likishuka nitampelekea Mwalimu mwenyewe, lingali tamu. Akinifungia mlango, nitarudi kesho kutwa. Nakuahidi nitaandaa hitima nyingine, na mikate italiwa.

Mungu akulaze pema, baba. Kibuyu ni kimoja, lakini kimeoshwa.

Mwanao,
Mwanaidi