Intaneti Ipo, Hospitali Haionekani

Kaka Obadia,

Foleni ya malori bado inafika Mpemba, kwa hiyo usidhani Tunduma imesimama kwa sababu umeondoka. Niliyesimama ni mimi. Miaka yote niliyokuwa fundi chini yako, jambo nisilolielewa nilikuletea wewe. Sasa yamenijaa, na sijui nimpelekee nani.

La kwanza ni kifo chako chenyewe. Ijumaa tulikuwa darini pale hospitalini tunavuta waya, unanitania kwamba sisi Wandali tumezaliwa milimani lakini ngazi tunaiogopa. Jumapili wifi ananipigia, analia, hasemi neno likaeleweka. Wengine wanasema presha, wengine wanasema moyo, na mjomba wako ana maneno yake ambayo siyaandiki hapa. Tumekuzika kwenu Ndalambo, udongo nimeutupa kwa mkono wangu huu. Bado sijaelewa.

La pili ni laptopu ya maabara.

Ile ya zamani ilizima kioo wiki chache baada ya msiba. Hospitali ikanunua mpya, katibu wake akaniita. Nikachomeka waya uleule, taa ikawaka, intaneti ikafunguka vizuri kabisa. Nikasema, asante Mungu, nimemaliza. Sista Eliza wa maabara akafungua mfumo wa wagonjwa ili atume majibu wodini. Hakuna kitu. Akaniangalia.

"Sekela, intaneti ipo, hospitali haipo. Ndiyo nini hii?"

Nilichoka, Kaka. Nikabadilisha waya. Nikazima, nikawasha. Wakati huo kulikuwa na mama leba aliyehitaji damu, na Sista Eliza akakimbia na karatasi ya majibu ameificha ndani ya kanga isilowe mvua. Damu ilipatikana, mama yule na mtoto wote ni wazima. Ila nilipomwona anavuka ule uwanja wenye matope, nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikakukumbuka umechuchumaa chini ya meza ileile, unanieleza: "Waya mmoja, mitandao zaidi ya mmoja. Data isiyo na lebo inakwenda kwa wageni. Yenye lebo inakwenda kwa wagonjwa. Lebo inabandikwa na kadi ya laptopu yenyewe." Nilikuwa naitikia "ndiyo, kaka" huku nawaza chakula. Nikaiunganisha ile laptopu ya zamani na kioo cha ofisini, nikaingia kwenye mipangilio ya kadi yake ya mtandao, nikaona umeandika VLAN, ndiyo ile lebo, namba thelathini. Nikafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo.

Nikafungua mipangilio ya laptopu mpya. Imeandikwa VLAN: imewashwa. Sasa kama imewashwa, mbona haifanyi kazi? Na namba naiandika wapi? Nilitafuta mpaka macho yakauma, pa kuandika namba hapapo. Nikakupigia simu.

Ndiyo, nilikupigia. Kidole kilikwenda chenyewe. Akapokea wifi.

"Sekela, unamtaka nani?"

Kabla sijajibu akasema, "Mimi mwenyewe jana nimemwita aje kula." Hakuna aliyekata simu.

Katibu akaanza kusema ataleta fundi mwingine kutoka Mbeya. Kijana mmoja niliyesoma naye chuo akanishauri kwa simu: "Ondoa VLAN zote, weka kila kitu mtandao mmoja, utamaliza sasa hivi." Ningeweza, Kaka. Neno la siri la swichi inayogawa mitandao ninalo. Lakini majibu ya vipimo vya watu, vya UKIMWI, vya mimba, yapite njia moja na simu za kila mgeni anayekaa kwenye benchi? Wewe ungekataa. Mimi nilikataa pia, ila sikuwa na uhakika kama nakataa kwa akili au kwa ubishi tu wa kufiwa. Sista Eliza aliendelea kukimbia na karatasi.

Asubuhi yake nikavuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Yule mama wa duka la vifaa vya kompyuta alinisalimia kwa Kibemba, "Mulishani mukwai", akaniuliza, "Bosi wako yuko wapi?" Nilipomwambia, alifunga kabati lake, akakaa chini. Baadaye alinitafutia kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye USB, tukaijaribu palepale dukani. Hii ilikuwa na sehemu ya kuandika namba.

Nikarudi maabara, nikachomeka, nikaandika thelathini. Intaneti ikakatika! Hata ile kidogo niliyokuwa nayo ikapotea. Nikashika kichwa, nikamwambia Sista Eliza, "Nisamehe, nimeharibu kabisa." Yeye, bila kunijali, akabonyeza mfumo wa wagonjwa. Ukafunguka. Majina, wodi, vipimo, vyote. Kumbe laptopu ilikuwa imetoka upande wa wageni wenye intaneti, ikaingia wa wagonjwa. Nililia mbele ya darubini, na Sista Eliza akanicheka huku naye analia.

Imekubali, Kaka. Kazi sijanyang'anywa. Lakini kwa nini ile kadi nyingine iseme imewashwa wakati haina pa kuweka namba, mpaka leo sijui. Nimesoma, nimeuliza, kila mtu ana jibu lake, kama walivyo na majibu yao juu yako.

Juzi wifi ameniambia mama yako anauliza mwanawe alikuwa anafanya kazi gani hasa, maana watu msibani walimwambia tu "waya". Anataka mtu wa kazini aende akamweleze. Kinamwanga changu, hiyo lugha ya kwenu, unakijua, kinafika kwenye salamu kinaishia hapo. Na hata kwa Kiswahili sijui nitaanzia wapi.

Lala salama, kaka yangu. Nakuahidi nitakwenda Ndalambo. Nitakaa na mama jikoni, nitamwambia kwamba mwanawe alihakikisha ugonjwa wa mtu haujulikani ila kwa anayemtibu. Akiuliza alifanyaje, nitajaribu kumweleza. Nikikwama, nitamwambia hata mimi sijaelewa yote, kisha nitamsaidia kupukuchua mahindi.

Mdogo wako,
Sekela